Mwanamke Katika Picha, na Swali la Ridhaa

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa Wete, Chake Chake na Mkoani, mwezi huu twataka kunena habari ambayo watu huinena kwa kunong'ona, tena mara nyingi huinena vibaya. Ni habari ya picha za wanawake zitengenezwazo kwa kutamanisha, zikauzwa, zikapitishwa mkono kwa mkono. Siku hizi zapita simu kwa simu, toka Konde hata Mkoani, kabla mtu hajamaliza kuanika jamvi moja la karafuu. Waalimu wengine watuuliza wawaambie nini wavulana. Wazazi wengine watuuliza wawatendee nini mabinti. Wengi hudhani jawabu lajulikana zamani: picha hizo ni uchafu, basi, yatosha. Nasi twakubali kwamba ni uchafu. Walakini neno hilo likisemwa peke yake huanguka mara kwa mara juu ya mtu asiyestahili, yaani yule mwanamke aliye ndani ya picha. Aliyeipiga hasemwi. Aliyeiuza hasemwi. Aliyeitazama usiku na kuipeleka kwa wenziwe asubuhi, huyo ndiye akaaye barazani na kuhukumu.

Na hukumu yake huanza kwa swali moja: "Mbona alikubali?"

Swali hili tumelisikia kwa wazee, tumelisikia kwa vijana, tena twasikitika kusema tumelisikia hata kwa akina mama. Hulisema kana kwamba limekwisha funga mambo. Alikubali kupigwa picha, alikubali kulipwa, alikubali kumpelekea mchumba wake, basi ana neno gani tena? Na tulitazame vema neno hili kukubali. Hapa Pemba kila mtu ajua kwamba mwenye shamba akimruhusu mtoto kuokota karafuu zilizoanguka chini ya mkarafuu mmoja, hajampa ruhusa ya kuupanda mti, wala ya kuvunja tawi, wala ya kuwaita wenziwe waje na magunia. Mtoto akikamatwa mtini hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi niliruhusiwa kuingia shambani." Hata sheha hatamsikiliza. Mambo haya twayafahamu sana yakiwa habari za karafuu. Yakiwa habari za mwili wa mwanamke, ufahamu wetu hulala.

Yuko mwanamke mmoja wa Afrika ambaye habari zake zafaa kusomwa katika kila nyumba, maana swali hili aliulizwa mbele ya mahakama. Jina lake Saartjie Baartman, wa kabila la Wakhoikhoi, katika Afrika ya Kusini. Alikuwa mtumishi katika nyumba moja ya Cape Town. Mwaka 1810 bwana wake Hendrik Cesars, pamoja na tabibu mmoja wa jeshi aitwaye Alexander Dunlop, walimchukua kwa merikebu mpaka London. Huko wakamweka katika chumba cha maonyesho, njia ya Piccadilly, naye akavikwa nguo ya kubana mwili yenye rangi kama ya ngozi yake, ili aonekane kama yu uchi. Watu walilipa shilingi mbili kumtazama maumbile yake, na wengine wakamtia vidole.

Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha piga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Kwa hiyo watu waliochukia utumwa, mmoja wao Zachary Macaulay, walipeleka shauri mahakamani mnamo Novemba 1810, wakidai kwamba mwanamke huyu ameshikwa kwa nguvu. Mahakama ikaagiza aulizwe kwa lugha ya Kiholanzi, ambayo aliijua. Akaulizwa muda wa saa kadha. Akajibu kwamba hashikwi kwa nguvu, kwamba ameahidiwa nusu ya fedha, kwamba hataki kurudi kwao; neno moja tu alilolalamikia ni baridi, akaomba nguo za kumtia joto. Hati ya mapatano ikatolewa. Shauri likaisha. Maonyesho yakaendelea.

Basi, alikubali. Ndivyo ilivyoandikwa.

Lakini msomaji mwema, jiulize, angaliweza kujibu nini? Alikuwa ng'ambo ya bahari, hana nauli, hana ndugu. Akisema, "La, sitaki," jioni ile angalirudi kulala wapi? Hatusemi hivi kwa kumfanya mjinga asiyejua alitendalo. Huenda alipima mambo kwa akili yake, akaona kwamba fedha ya London, hata ikiwa chungu, yapita utumishi wa Cape Town usiokuwa na fedha. Wako waandishi waliofikiri hivyo, nasi hatuwezi kuwakanusha. Twasema hivi tu: ndiyo ya mtu ambaye njia nyingine zote zimezibwa, mahakama yaweza kuiandika katika kitabu, lakini haiwezi kuwa sawa na ndiyo ya mtu mwenye milango miwili mbele yake.

Na habari haikomi hapo. Mnamo Desemba 1811 alibatizwa katika kanisa la Manchester. Twawaomba wasomaji wetu wakae kidogo juu ya neno hili. Alipewa ubatizo, na baada ya ubatizo akaendelea kuonyeshwa kwa fedha. Hatujasikia kwamba Mkristo yeyote wa mji ule aliona mambo hayo mawili hayapatani.

Mwaka 1814 alipelekwa Paris, akawa mkononi mwa mtu aliyefundisha wanyama kucheza. Mwaka uliofuata wataalamu wa elimu ya viumbe walimwita katika bustani yao ya elimu, wakamchora na kumpima kwa siku kadha. Wakataka avue kila kitu, wamtazame sehemu za siri. Hapo akakataa. Alijisitiri kwa kitambaa. Mmoja wao akampa fedha, akaikataa fedha. Hii ndiyo la yake, dhahiri kabisa, nao waliiandika wenyewe katika taarifa zao. Akafa mwishoni mwa Desemba 1815. Ndipo Georges Cuvier, mtaalamu mkuu wao, akaupata mwili, akaupasua, akatwaa kutoka kwa maiti kile alichonyimwa na mtu mzima. Mifupa yake na sanamu ya mwili wake vikawekwa katika nyumba ya makumbusho, watu wakapita wakitazama hata miaka ya 1970. Nelson Mandela alipokuwa Rais aliomba arudishwe kwao. Ufaransa ilitunga sheria ya kumrudisha mwaka 2002, na tarehe 9 Agosti ya mwaka ule akazikwa Hankey, karibu na mto Gamtoos, katika nchi alikozaliwa. Zilikuwa zimepita karibu miaka 187 tangu kufa kwake.

Angalieni basi. Watu wale walipopata ndiyo ya London, waliitumia miaka mitano. Walipopata la ya Paris, hawakuitumia hata siku moja. Mwenye kuamini ridhaa kwa kweli huonekana siku anapokataliwa.

Tuje nyumbani. Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Baada ya mwaka 1890 na zaidi baada ya 1900, walikuwako Unguja mafundi wa picha, wengi wao Wagoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa nyumba ya Coutinho. Walikuwa mafundi hodari, na picha zao nyingi za majumba, za bandari na za watu mashuhuri ni hazina kwetu leo. Lakini pamoja na hizo walitengeneza kadi za posta kwa wasafiri waliopita na meli. Katika kadi hizo wamo wanawake: wengine wamevaa kanga na vipuli, wamesimama kwa heshima; wengine vifua wazi, wameegemezwa kama vyombo vya nyumbani. Chini yake yameandikwa kwa Kizungu maneno ya kutaja kabila, au kuusifu uzuri, au "mwanamke wa nchi" tu. Jina la mwenye duka lipo. Jina la mwanamke halipo.

Tukisema mwanamke amefanywa kitu, maana yetu ni hiyo hasa. Si kwamba ni uchi tu. Mtoto mchanga yu uchi naye ni mtu. Maana yetu ni kwamba ameondolewa jina, ameondolewa mama yake na mji wake, ameondolewa neno lake, yamebaki macho ya mtazamaji na umbo. Katika nchi ya Algeria, wakati wa Wafaransa, jambo hili lilifika mbali zaidi. Mwandishi Malek Alloula alikusanya kadi za posta za huko, akatoa kitabu mwaka 1981. Wanawake waungwana wa Algeria hawakutaka kupigwa picha, wala wapiga picha hawakuweza kuingia nyumbani mwao. Basi wakawalipa wanawake maskini wa mjini, wakawavika, wakawavua, wakawaweka mbele ya madirisha ya chuma yaliyotengenezwa dukani, wakauza picha kana kwamba wameingia ndani ya nyumba za watu. Alloula aonyesha mwanamke yule yule mmoja, nguo zile zile, akiitwa kwenye kadi moja Mbedui, kwenye nyingine mwanamke wa kusini, kwenye nyingine Mkabili. Kwa mnunuzi ilikuwa mamoja.

Kwa Unguja na Pemba swali ni zito zaidi, kwa sababu ya utumwa. Amri ya Sultani Hamoud ya mwezi wa Aprili 1897 iliwapa watumwa njia ya kudai uhuru wao, lakini iliwaacha masuria. Wao walihesabiwa kama wake, wasiweze kudai uhuru ila kwa kuonyesha kwamba wametendwa ukatili. Wakangoja mpaka mwaka 1909. Fikirini maana yake katika mashamba ya kisiwa hiki: mwanamume aliyepanda na kupalilia mikarafuu aliweza kwenda mbele ya hakimu akasema, "Nataka kuwa huru", na dada yake aliyekuwa suria katika nyumba ile ile, akisema maneno yale yale, hayakuwa na nguvu. Sheria ilikuwa imemkubalia yeye bila kumwuliza.

Wazee wetu waliokuwa watumwa, na wake zao, walijibu kwa namna yao. Zamani za utumwa mwanamke mtumwa alivaa kaniki, wala hakuruhusiwa kufunika kichwa kama waungwana. Uhuru ulipokuja wanawake wakaacha kaniki, wakanunua kanga za rangi, wakafunika vichwa, na wengi baadaye wakavaa buibui. Watu wa mbali wakitazama hudhani ni mambo ya urembo, au ya dini peke yake. Sisi twaona ndani yake neno jingine. Mwanamke ambaye jana kila mtu aliweza kumtazama atakavyo, sasa ameshika mkononi mwake mwenyewe amri ya nani amwone, na kiasi gani. Nguo ile ilikuwa hati yake ya uhuru kuliko karatasi ya serikali. Na Mkristo asimcheke Mwislamu kwa jambo hili, maana nyanya zetu wa mashamba ya misheni walifanya vivyo hivyo kwa kanga zao.

Sasa tuseme habari za sinema na za intaneti, ingawa hatutakaa sana humo, maana ni kinamasi.

Mtetezi wa picha hizi hunena hivi: wanawake wale ni watu wazima, wameandika sahihi, wamelipwa, tena waonekana wakicheka. Neno hili lataka jawabu, wala si matusi. Wako wanawake wa kazi ile wasemao kwa vinywa vyao kwamba waliichagua, nasi hatuna haki ya kuwaita waongo. Lakini mtazamaji hana njia ya kujua. Picha haionyeshi ridhaa. Mwaka 1972 huko Marekani ilitolewa filamu ya namna hiyo iliyopata sifa kubwa, hata watu wakubwa wakaenda kuitazama pasipo haya. Mwanamke wa filamu ile aliitwa Linda Lovelace, na jina lake la kweli ni Linda Boreman. Alionekana akicheka. Mwaka 1980 akatoa kitabu, akatangaza kwamba mumewe wa wakati ule alimlazimisha kwa kipigo na kwa kumtishia bunduki; na mwaka 1986 akatoa ushuhuda wake mbele ya tume ya serikali. Watu waliokuwa wakimtazama miaka minane, ni nani kati yao aliyejua?

Au sikieni habari ya San Diego, mji wa Marekani. Wanaume fulani waliwaita wasichana kwa tangazo la kazi ya kuonyesha mavazi. Walipofika wakaambiwa kazi ni nyingine, lakini wasiogope, video itauzwa nchi za mbali tu, haitawekwa kwenye intaneti hata siku moja. Wakaandika sahihi. Video zikawekwa kwenye intaneti, na majina yao yakajulikana, na ndugu zao na waalimu wao wakapelekewa. Wanawake 22 wakashtaki. Mwezi wa Januari 2020 hakimu akaamuru walipwe karibu dola milioni 13, tena haki ya zile video ikawa mali yao wenyewe. Mkuu wa biashara ile alikuwa amekimbia; akakamatwa Hispania mnamo Desemba 2022, na mwaka 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 27. Sahihi zao zilikuwapo katika karatasi, nzuri, zenye tarehe. Hazikumsaidia, maana ridhaa iliyopatikana kwa uongo si ridhaa.

Mwaka ule ule wa 2020, mwezi wa Desemba, tovuti moja kubwa ya picha hizi (hatuitaji, maana kuitaja ni kuonyesha njia) iliondoa video zote ambazo haikujua zimewekwa na nani. Iliziondoa baada ya makampuni ya kadi za malipo kukataa kuihudumia. Zilizoondoka zilikuwa zaidi ya nusu ya video zote. Yaani kwa miaka mingi watu walitazama, na zaidi ya nusu ya waliyoyatazama hata mwenye duka hakuweza kusema yalitoka wapi.

Siku hizi limezuka jambo jingine ambalo lavunja kabisa lile swali la "mbona alikubali". Kompyuta yaweza kuchukua uso wa binti kutoka picha ya Kipaimara, au picha ya shule, na kuuweka juu ya mwili usio wake. Binti hakuvua nguo, hakupiga picha, hakumpelekea mtu. Na bado watu wamtazama njiani kwa jicho lile lile. Hapo wanaouliza alikubalije wapate wapi pa kulitia swali lao?

Twarudi Afrika yetu ya Mashariki, tutazame sheria, maana kuna jambo la kujifunza. Uganda ilitunga sheria ya kukataza picha za uchafu mwaka 2014. Waliotunga walisema wanawalinda wanawake. Mara tu iliposainiwa, wanaume katika njia za mjini waliwakamata wanawake waliovaa sketi fupi, wakawavua nguo hadharani, wakidhani sheria imewapa ruhusa. Mwaka ule ule mwimbaji mmoja wa kike, picha zake za siri zilipotangazwa bila yeye kutaka, alitishwa kwamba atakamatwa yeye. Jina lake limetajwa vya kutosha, sisi hatutaongeza. Mnamo Agosti 2021 mahakama ya katiba ya Uganda iliivunja sheria ile. Waalimu watakumbuka habari ya Susana na wale wazee wawili: walikuwa wachunguliaji, na alipokataa wakageuka kuwa mashahidi, na karibu wawe wauaji.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo hutumika Bara na Zanzibar pia, hukataza kutangaza picha za uchafu, na adhabu zake ni kali. Za picha za watoto zina kifungu chake. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2018, ikitaja wazi kosa la kusambaza picha ya siri ya mtu mwingine. Maneno hayo "ya mtu mwingine" twayapenda sana, maana hapo ndipo jambo lilipo. Swali la kwanza la sheria njema lisiwe tu, "Je, picha hii ni chafu?" Liwe pia, "Ni ya nani, naye alisema nini?"

Sasa ninyi waalimu. Mvulana akikamatwa na picha katika simu, wengi wetu twajua dawa moja, kiboko, na simu kuvunjwa. Kiboko kitamfundisha kuficha. Sisi twaona heri mwalimu amkalishe, amwulize maswali matatu bila kupaza sauti: Huyu anaitwa nani? Ni nani aliyekuambia kwamba alitaka wewe umwone? Na wewe umempelekea nani? Tumejaribu njia hii darasani mara kadha. La kwanza hulijibu kwa kucheka. La pili hunyamaza. La tatu huanza kulia, kwa sababu hapo hutambua kwamba yeye si mtazamaji tu, yeye ni mchukuzi wa mzigo wa wizi. Wala msingoje akamatwe. Kila mvulana wa darasa la saba apate kuambiwa mapema kwamba picha ya uchi ya mtu aliye chini ya miaka 18 haina ridhaa hata kidogo, hata akiipiga mwenyewe, hata akisema ndiyo mara kumi. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 huyo ni mtoto.

Na wasichana nao waambiwe, lakini si kwa vitisho peke yake. Twasikia mafundisho mengi ya kuwaambia wajilinde, wajisitiri, wasiamini wachumba. Ni mema. Ila msichana aliyefundishwa tu kwamba aibu yote ni yake, siku atakapotishwa na mtu mwenye picha yake, "Fanya hili au nitaitoa," atafanya hilo, na lile, na lile, kwa kuwa nyumbani kwake ndiko anakoogopa zaidi. Mwenye kutisha hutegemea hofu ya baba kuliko picha yenyewe. Baba aliyekwisha kumwambia bintiye, "Likikupata jambo, njoo kwangu, sitakupiga," amemnyang'anya mtu yule silaha yake.

Jambo likiisha kutokea, yako ya kufanya. Asilipwe mtu fedha, maana hurudi kutaka tena. Iandikwe namba ya simu iliyotuma, na siku, na saa. Picha yenyewe isipelekwe kwa jamaa ili "waone". Twalisisitiza hili kwa sababu tumeona wajomba na mashangazi wema wakiisambaza katika kutafuta msaada. Shauri lipelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mjini Chake Chake iko pia ofisi ya Kituo cha Huduma za Sheria cha Zanzibar, ambacho husaidia watu wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Tena tangu Desemba 2021 iko tovuti iitwayo StopNCII.org kwa watu wazima. Simu ya mwenyewe hutengeneza alama ya tarakimu kutokana na picha, alama hiyo hupelekwa kwa makampuni yaliyokubali, kama Facebook na Instagram, nayo huizuia picha isipandishwe. Picha yenyewe haitoki katika simu. Kwa walio chini ya miaka 18 iko nyingine ya Marekani, Take It Down, ya mwaka 2023. Hizi haziwezi kufuta kilichokwisha ingia katika simu za watu wa kijiji. Kazi hiyo ni ya watu wa kijiji wenyewe, kila mtu kwa kidole chake.

Neno moja kwa wazee wa kanisa. Mara nyingine, kwa nia njema, huitwa baraza, na binti huwekwa katikati ya wanaume kumi, akaambiwa aeleze tangu mwanzo: ilikuwa lini, alivaa nini, alimpelekea kwa nini. Ndugu zangu, hilo nalo ni onyesho, na watazamaji ni sisi. Achague mwenyewe mwanamke mmoja anayemwamini, mama, au shangazi, au mwalimu wa kike. Amweleze huyo, na huyo ndiye aje kunena na wazee yale ambayo binti ameruhusu yanenwe. Na akisema kwamba leo hawezi kusema, basi leo asiulizwe.